Mkanda wa kamera, wiki ya kumi: kumbe ni pete

Wiki kumi napima njia za kuushikiza mkanda kwenye kamera, na sasa imekubali. Kamba nyembamba inayoushika mkanda upande wa kulia imemaliza siku 21 na haijatoa hata unyuzi mmoja. Kabla ya hapo hakuna iliyokuwa salama upande huo.

Njia nilizozikataa nizimalize haraka. Skrubu ya kwenye tundu la stendi niliitoa wiki ya kwanza. Kwenye kamera yangu, Fujifilm X-T20, tundu hilo liko jirani kabisa na mlango wa betri, kwa hiyo kila ukibadili betri unafungua kwanza mkanda. Kibaya zaidi, inalegea. Kamera ikining'inia inajizungusha kila hatua, na kila mzunguko unailegeza kidogo. Siku moja nimeshuka kivuko Kigamboni, nikaigusa, inacheza kama jino la mtoto. Siku hiyo hiyo ikaingia kwenye droo. Klipu za plastiki, zile kama za begi la shule, zinashika vizuri, ila ukitoa mkanda vinabaki vikia viwili vinavyokuja mbele ya jicho kila unapochungulia. Pini ya kubonyeza, iliyotokana na mikanda ya bunduki, ndiyo ningempa mtu mwenye kamera kubwa na bamba la chuma chini yake. Kwa yangu ni uzito wa bure.

Zikabaki nanga, vile vidude vya duara vyenye kamba nyembamba ambavyo kampuni ya Peak Design walivieneza: kamba inafungwa kwenye kamera, kidude kinaingia kwenye kishikio cha mkanda. Unasukuma ndani, unasikia "tik", basi. Wenyewe wanasema zinabeba zaidi ya kilo 90. Kamera yangu na lenzi ya 35mm f/2 ni gramu 553 tu, lakini usipige hesabu ya kitu kilichotulia. Nusu kilo hiyo ikianguka mita 1 na mkanda ukaisimamisha ndani ya sentimita 2, mvuto wa wastani kwenye kamba ni karibu kilo 28. Ndiyo maana kila kamba naipima kwa ndoo ya lita 20 pamoja na dumu la lita 10, vyote vimejaa maji, kwenye nondo ya dirishani, usiku mzima.

Zote zilipita. Zote zikaja kuharibika upande wa kulia.

Za kwanza zilikuwa za kuiga, nilizozinunua Kariakoo. Wiki ya tatu kamba ya kulia ikaota manyoya. Nikasema ni ubovu wa bidhaa, nikanunua halisi. Siku 18 baadaye, kulia tena, rangi ya ndani imeanza kuchungulia, na hiyo ndiyo alama ya kwamba kamba ibadilishwe. Nikahamisha ya kushoto kwenda kulia: nayo ikaanza kulika. Nikageuza mkanda, nikavaa bega lingine: bado kulia. Nikalainisha fundo, nikabadili namna ya kuibeba, nikapoteza Jumamosi mbili nzima nikikagua nanga zenyewe kwa kioo cha kukuza. Nanga hazikuwa na kosa lolote.

Jibu lilitoka kwenye pamba. Nilichukua pamba kavu nikaipitisha taratibu juu ya ile pete ya pembetatu iliyoshika kamba. Ya kushoto, pamba ikapita safi. Ya kulia ikanasa palepale, mahali ncha ya waya inapokutana na mwenzake. Kamera niliinunua mtumba, na pete hiyo mtu aliwahi kuibadilisha. Ncha yake ilikatwa kwa koleo na haikusagwa, ina jino dogo ambalo jicho halilioni na kidole hakilisikii. Hatua elfu kumi kwa siku, jino linasugua uzi uleule. Nilikaa sakafuni nikaishika ile pete muda mrefu.

Nikazitoa pete zote mbili. Kamba sasa inapita moja kwa moja kwenye tundu la pembeni mwa kamera, pale pete ilipokuwa. Ni jembamba, haiingii kwa kusukuma. Funga uzi wa kushonea viatu kwenye kitanzi cha kamba, tanguliza uzi, vuta. Tundu lenyewe nimelipima kwa pamba pande zote mbili, halinasi. Na zile kelele za chuma kugonga chuma, zilizokuwa zinaingia kwenye video, zimekwisha.

Wiki hii nilipanga kupima nanga kwenye mchanga wa ufukweni. Sijapima. Fundi wa viti vya magari alinipa kipande cha mkanda wa usalama: upana karibu sentimita 5, laini shingoni, haujisokoti. Jamani, tangu nimeugusa siwazi kingine. Nimekata mita 1 na nusu, ncha nimeziunguza kwa kiberiti zisifumuke. Kinachosumbua ni kuupunguza upana mpaka uingie kwenye kishikio cha nanga bila kufanya uvimbe. Kesho naazima cherehani.