Oili chafu ina soko, mpaka iingie maji

Oili chafu iliyomwagwa kwenye injini haikosi mnunuzi: wenye matanuri huichoma kama mafuta mazito, na wapo wanaoisafisha upya. Kinachoiua ni kuichanganya. Maji ya rejeta, mafuta ya breki, thina, petroli ya kuoshea vipuri: kikiingia kimoja tu, pipa zima la lita 200 limekuwa mzigo wako. Maji yakipashwa moto hugeuka mvuke, oili ikaumuka na kufurika; petroli nayo huifanya ishike moto upesi. Oili ya gia na ya hidroliki hazina neno, zimimine humohumo.

Pipa lililosimama nje hunywa maji hata kizibo kikiwa kimekazwa. Mvua hutuama juu ya mfuniko, usiku bati likipoa hewa ya ndani husinyaa, na maji yananyonywa kupitia nyuzi za kizibo. Liweke chini ya paa. Kama paa hakuna, liinamishe ili maji yasikifikie kizibo.

Ukishuku, chukua oili ya chini kabisa kwa mpira, maana maji hukaa chini. Dondoshea matone mawili kwenye kipande cha bati la moto, mbali na pipa. Ikichachatika na kurusha vitone kama kitunguu kibichi kikaangoni, ina maji.

Filta ya oili ndiyo mafundi wengi huitupa ikiwa na oili tele. Ndani ina raba inayozuia oili isirudi, kwa hiyo kuigeuza tu hakutoshi. Itoboe kichwani kwa bisibisi ingali ya moto, kisha iache ichuruzike kwa muda wa saa 12.

Oili ikimwagika sakafuni, unga wa mbao na ufagio. Sabuni na maji huisafirisha tu hadi mtaroni.

Atakuja mtu na kidumu akitaka ya kupaka mbao kuzuia mchwa. Kama ni za banda la kuku au mbuzi, mnyime: ina metali za injini, na mbuzi hulamba. Nchini Tanzania hii ni taka hatarishi, hivyo anayebeba pipa awe na kibali. Andika tarehe, lita na namba ya gari lake.

Galoni tupu za oili mpya zitoboe kitako kabla ya kuzitupa. Kuna wanaochuja oili chafu kwa kitambaa, wakaiuza kama mpya. Kitambaa hakitoi asidi wala masizi laini, na galoni yenye nembo ndiyo wanayoitafuta.