Chenga za 78

Igombe, Jumamosi, saa nne usiku

Redio ya gari langu inaishia 90. Aliyewahi kununua gari lililotumika Japani anaujua ugonjwa huu. FM yao huanzia 76, yetu huanzia 88, kwa hiyo unabaki na kipande kidogo cha juu chenye steshoni moja mbili, na chini yake ni chenga tupu. Fundi kila mara ananiambia nilete hela anifungie kile kidude cha kushusha masafa, nami kila mara namwambia mwisho wa mwezi. Mke wangu anasema kusafiri nami ni kama kwenda msibani.

Tangu wiki iliyopita nina sababu mpya ya kumkwepa fundi. Nilikuwa naandaa somo la mawimbi la kidato cha tatu, nikapotelea kwenye habari za galaksi za kale mpaka bando likakata saa nane usiku. Na nilichokisoma kimo ndani ya redio yangu mbovu, au angalau kuna watu waliosema kimo.

Nianze na haidrojeni. Chembe ya haidrojeni iliyotulia hutoa wimbi la redio lenye urefu wa sentimita 21, masafa yake megahezi 1420. Ni wimbi dhaifu mno, lakini ulimwengu ulipokuwa mchanga haidrojeni ilitanda karibu kila mahali, kabla hata ya galaksi kuwa galaksi. Sasa, ulimwengu unatanuka, na wimbi lililoko njiani linatanuka nao. Likikaa safarini zaidi ya miaka bilioni 13, zile sentimita 21 zinatufikia zikiwa mita tatu, pengine karibu mita nne. Huo ni urefu wa mtumbwi mdogo. Ukipiga hesabu ya masafa yake unajikuta palepale tunapotangazia taarabu, matokeo ya Simba na Yanga, na matangazo ya vifo.

Nilirudia hesabu hiyo mara tatu nikidhani nimekosea. Sikukosea. Kwenye 100 ya redio yako ndipo inapoangukia haidrojeni ya wakati ulimwengu una umri wa miaka milioni 300 hivi (leo una bilioni 13.8). Ukishuka mpaka 78 unarudi nyuma zaidi, chini ya miaka milioni 250, nyota za kwanza ndiyo kwanza zinawaka. Redio ya mtu mwingine haifiki 78. Yangu inafika.

Mwaka 2018 kundi la mtaalamu wa anga Judd Bowman, lililokuwa na antena yenye umbo kama meza kwenye nyika ya Australia Magharibi, lilitangaza kwamba limeona kitu kwenye 78. Usidhani ni sauti. Mbingu nzima ina mlio wake, na mwingi wa mlio huo unatoka kwenye galaksi yetu wenyewe, una nguvu maelfu ya mara kuliko kinachotafutwa. Wao walidai kwamba kwenye 78 mlio umepungua kidogo, kama shimo. Mwanga wa nyota za kwanza uliigusa haidrojeni, haidrojeni ikaanza kumeza sehemu ya mnururisho uliobaki tangu Mlipuko Mkuu, ule wa mwanzo wa ulimwengu. Shimo lilikuwa na kina zaidi ya mara mbili ya kile nadharia ilichotegemea, na ugomvi ukaanzia hapo.

Leo nimekuja Igombe, kando ya Ziwa Victoria, kumwona baba mdogo. Mbalamwezi imejaa, na mwezi ukijaa wavuvi wa dagaa hulala nyumbani, maana dagaa hawaijali taa wakati ziwa lote linang'aa. Siku nyingine usiku kama huu kule mbele ungeona mstari wa taa za sola mpaka Ukerewe, ungedhani mji. Leo hakuna hata moja. Baba mdogo amekaa nje anashona nyavu, redio yake ndogo iko begani mwa kiti, na betri zake zilishinda zimeanikwa juani ili zipate uhai. Tulipomaliza ugali na sato, nikamweleza.

Nikasema, "Baba, kuna watu wanatafuta mawimbi ya mwanzo wa dunia, na wengine wameenda kuyatafuta ziwani."

"Mawimbi yapi?" akauliza, akiangalia maji.

Ikabidi nirudi nyuma. Kwa mvuvi neno hilo lina maana moja tu, na usiku wa upepo maana hiyo inatosha.

Habari yenyewe ni hii. Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti ya Raman, kule Bengaluru nchini India, waliunda chombo walichokiita SARAS 3 ili kuhakiki lile shimo la 78. Antena yao ina umbo la koni. Mwanzoni mwa 2020 waliiweka juu ya chelezo, wakaielesha kwenye maji ya jimbo la Karnataka, kwanza ziwa la Dandiganahalli, kisha maji ya bwawa la mto Sharavati. Sababu ni kwamba antena haisikii mbingu peke yake, inasikia na kilicho chini yake. Ardhi ina tabaka, ina mawe, hapa kuna unyevu na pale pakavu, na kila tabaka hurudisha wimbi kwa namna yake. Ukitafuta upungufu mdogo kama ule, udongo wenyewe unaweza kukutengenezea shimo ambalo mbinguni halipo. Maji ni yaleyale kuanzia juu mpaka chini.

Hapo baba mdogo aliweka nyavu chini. Jambo hili hakuhitaji kufundishwa. Akasema ukiwa karibu na mawe ukiita mtu, sauti inakurudia vipande vipande, hujui aliyejibu ni nani. Ukiwa katikati ya ziwa ukiita, imekwenda. Nimesoma makala ndefu kuhusu jambo hilo na sikuona mahali lilipoelezwa vizuri hivyo.

Kisha akauliza kama walitia nanga.

Majibu yao yalitoka 2022: hawakuliona shimo. Walisema kwa uhakika wa zaidi ya asilimia 95 kwamba umbo lililotangazwa na wale wa antena ya Australia halitoki mbinguni. Nilipofika hapo kwenye kusoma, nakiri, niliumia kidogo. Nilishaizoea 78 yangu.

Mtu wa Mwanza hawezi kusoma habari hizi bila kujipima. Ardhi yetu ndiyo mbaya kuliko zote, miamba juu ya miamba, jiji zima limekalia mawe. Ziwa tunalo, tena kubwa, lakini lisingefaa pia. Kaa katikati yake na redio uone: ikipotea ya Mwanza inaingia ya Musoma, ikipotea hiyo unasikia Kiganda. Ndiyo maana wengine wamekwenda Karoo, Afrika Kusini, nyika kavu isiyo na watu wengi. Huko ipo darubini ya redio ya MeerKAT, madishi 64 yaliyozinduliwa 2018, na yatakuwa sehemu ya SKA, mradi wa kimataifa wa darubini kubwa ya redio. Afrika Kusini ina nchi nane washirika wa Kiafrika kwenye mradi huo. Kenya imo, Zambia imo, Msumbiji imo. Sisi tumezungukwa nao, hatumo. Ghana nao walichukua dishi kuukuu la simu za setilaiti, la mita 32, wakaligeuza kuwa darubini ya redio mwaka 2017. Nalisema hili bila kumlaumu mtu, ila nalisema.

Na ukitaka galaksi moja moja, yenye jina, badala ya haidrojeni iliyotanda, unahitaji mawimbi mafupi ya milimita, na hapo mambo yanageuka kabisa: maji ndiyo adui. Mvuke wa hewani huyameza. Darubini ya ALMA, yenye antena 66, iko jangwa la Atacama nchini Chile, mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, kukimbia unyevu. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba imekuta oksijeni kwenye JADES-GS-z14-0, galaksi ambayo mwanga wake umesafiri miaka bilioni 13.4. Oksijeni hupikwa ndani ya nyota. Maana yake wakati ulimwengu haujatimiza miaka milioni 300, tayari kuna nyota zilizozaliwa, zikaishi, zikafa. Nilimwambia baba mdogo, akasema, "Mapema hivyo?" Ndivyo walivyoshangaa wataalamu nao.

Saa tatu na nusu tukaingia garini, mbu walikuwa wamezidi. Nikawasha redio bila injini, nikashusha mpaka 78.0. Shhhh. Nikamweleza kwamba sehemu ya mlio ule ni redio yenyewe, sehemu ni nyaya na simu za jiji, sehemu ni galaksi yetu. Alisikiliza muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kichwa ameinamisha kama anayesikiliza mashine ya boti.

"Na hiyo ya mwanzo imo humu?"

"Wale wa antena ya Australia walisema imo. Wahindi wamesema hapana."

"Basi iache kidogo."

Jumapili asubuhi, nyongeza: betri ya gari imekufa. Nimebustiwa na kijana wa mwaloni anayebeba samaki kwa Noah, akachukua elfu tano. Gari lilipowaka redio iliwaka nayo, ikiwa bado kwenye 78, akaniuliza kwa nini sijafunga kidude.