Walitutunza Penye Msiba

Mwaka 2013 kikundi chetu hapa Tanga kiliandaa mchezo wa kuigiza wenye nyimbo na ngoma, nami nikapewa kazi ya kupanga stepu. Hakuna aliyelipwa. Tulikuwa walimu, mafundi cherehani, wauza mitumba na wanafunzi wawili watatu. Mazoezi tuliyafanya baada ya swala ya isha, kwenye ua wa nyumba moja ya Ngamiani.

Kisa chenyewe ni cha harusi. Binti anaolewa na mvuvi, kina mama wanacheza lelemama, na ngoma ikiwa imekolea anaingia mtoto na habari kwamba ngalawa ya bwana harusi imeonekana ikielea, mwenyewe hayumo. Hapo ndipo nilipoweka akili yangu yote.

Lelemama ni ngoma ya wanawake wa pwani. Husimama mstari mmoja, bega kwa bega, kanga sare, viganja vikigeuka polepole na macho yametulia. Utulivu ule ni heshima ya ngoma. Vikundi vyake vilikuwa na umoja wa kweli. Miaka ya 1950 Bibi Titi Mohamed, naye mwimbaji wa ngoma, alipita kwenye vikundi vya namna hiyo Dar es Salaam kuwaingiza wanawake TANU. Nimeipenda tangu utotoni. Lakini nilikuwa nimetoka Bagamoyo kutazama tamasha la Chuo cha Sanaa, nikaona bugobogobo ya Wasukuma imepangwa kwa ajili ya jukwaa, majembe yanarushwa juu na kudakwa kwa hesabu moja, na tangu siku hiyo sikutulia. Nilitaka na ngoma yetu ipande jukwaani namna ile. Nikaukata mstari vipande vitatu, nikaongeza mwendo, na mtoto akiingia na habari yake, ngoma inanyamaza ghafla na wachezaji wote wanaganda, mikono juu, hesabu kumi na sita. Nilitaka ukumbi uisikie furaha ikikatika.

Ijumaa, usiku wa kwanza, watu walijaa hadi mlangoni. Mwendo wa kasi uliwapata vijana waliosimama nyuma, wakapiga miruzi. Kina mama wa mbele walianza na vigelegele, kisha wakainamiana kunong'ona. Mtoto akaingia, akasema maneno yake. Wachezaji wakaganda.

Hesabu ya tatu, bibi mmoja wa safu ya mbele akainuka na noti mkononi. Ya tano, wameinuka sita. Mara ukumbi mzima vigelegele, watu wanapanda jukwaani kutunza. Binti aliyekuwa mbele kabisa alibandikwa noti ya 2,000 kwenye paji la uso, jasho likaishika, yule simba wa kwenye noti akawa anawatazama watu. Binti hakupepesa macho. Nilimwambia asitikisike, na hakutikisika, ila kidevu kilikuwa kinamtetemeka. Pembeni yake mtoto wa habari amesimama peke yake, kifo alichokileta hakina wa kukipokea.

Nilikuwa nyuma ya pazia, machozi yananilenga. Siwalaumu hata leo. Walitoa kwa mapenzi, na wengine nawajua, hela ile ilikuwa ya mboga.

Tulipokaa baadaye kuhesabu fedha, mwenzetu mmoja akasema watu wa Tanga hawataki mambo mapya. Nilikataa na bado nakataa. Mji huu ndio wa Black Star Musical Club, waliopiga taarab kwa magitaa ya umeme miaka ya 1960, na watu wakaipenda. Upya haukuwa tatizo. Kuna kitu nilikuwa nimekikosea na sikukijua.

Jumamosi asubuhi nikaenda Makorora kwa yule bibi aliyeinuka wa kwanza. Ujanani alicheza lelemama miaka mingi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wacheza wako wazuri mno."

Nikamuuliza kwa nini alitunza pale. Akanishangaa.

"Si mmesimama, mikono juu, mwanisubiri? Mchezaji akitulia mbele yangu anipa nafasi nimtunze. Ningekaaje?"

Nikamweleza kwamba pale habari ya msiba imefika. Akanyamaza kidogo.

"Na weye umeona wapi mtu akaambiwa kafiwa akabaki wima? Habari hiyo hukata miguu."

Alikuwa amekaa mkekani. Akaushika upindo wa kanga begani, akaupandisha kichwani taratibu, kiganja kikigeuka juu, kikaja kutua kwenye paji. Nilimwomba arudie. Ulikuwa ni mkono wa lelemama, ule ule, ila mwisho wake umeishia usoni.

Mchana ule tulifanya mazoezi mpaka alasiri. Mistari mitatu niliibakiza, na mwendo pia, ingawa najua kina mama wengine hawakuupenda. Kuganda nilikuondoa. Kijana mmoja wetu aliudhika, akasema ndiyo sehemu iliyokuwa kali kuliko zote, na kwa macho ya kijana alikuwa na haki.

Usiku wa pili mtoto alipotoa habari, mcheza wa kwanza aliendelea hatua mbili kama hajasikia, kisha magoti yakamwisha, akaketi chini. Wa pili akaketi. Ngoma ikawa inapungua pigo moja moja. Wakavuta kanga vichwani kwa mkono ule wa Makorora, mmoja baada ya mwingine, hadi akabaki bibi harusi peke yake amesimama na maua yake.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Kwenye safu ya pili niliona mama mmoja amejivutia kanga yake kichwani, kisha jirani yake naye.

Halafu mwanamke mmoja akainuka. Nikajua yale ya jana yanarudi. Alipanda jukwaani ameinama, akampita bibi harusi, akaenda kwa mwigizaji aliyekuwa mama wa bwana harusi. Akachuchumaa, akamshika mkono, akamwekea mapajani noti iliyokunjwa ndogo kabisa.

"Poleni," akamwambia.

Alikuwa anatoa ubani.