Yule mama wa pembeni

Jana umeme ulirudi saa nne usiku, usingizi umeshanipaa. Nikafungua kompyuta nitazame filamu bubu niliyoiweka siku nyingi. Ya kikauboi, ingawa kauboi mwenyewe hamna: ni wachuuzi wa ngozi za wanyama kwenye misitu ya kaskazini mwa Amerika. Mama akaja na chai yake.

"Mbona haina sauti?"

"Ni ya zamani, Mama. Wakati huo hazikuwa na sauti."

"Basi nisomee."

Nikawa namsomea yale maandishi kama mtafsiri wa banda la video, ila bila mbwembwe. Binti kalelewa na mchuuzi na mkewe, mwanamke wa kabila la wenyeji. Afisa wa jeshi anampenda, lakini atamwoaje chotara? Mwishoni siri inafichuka: kumbe wazazi waliomzaa ni wazungu watupu! Harusi hiyo. Hapo mtunzi aliniudhi. Ukuta hakuuvunja, kamvusha tu binti upande wa pili.

"Na yule mama aliyemlea?" Mama akauliza.

Nikarudisha nyuma. Yupo, kwenye kona ya jiko, anakunja blanketi. Anasimama, anamtazama binti, anainama tena. Hakupewa hata neno moja la kusomwa.

Nikamsimulia Mama ninayoyajua. Kampuni ya Hudson's Bay ilipata hati ya mfalme wa Uingereza ya kufanya biashara huko mwaka 1670. Ilichotaka hasa ni ngozi ya biva, mnyama wa mtoni anayejenga mabwawa kwa magogo, maana manyoya yake yalitengeneza kofia za Ulaya. Hata bei za dukani zilihesabiwa kwa ngozi za biva. Wachuuzi walioa wenyeji kwa mila za huko, na wake hao ndio waliosuka viatu vya kutembelea juu ya theluji, wakaandaa ngozi, wakawa wakalimani.

Mmoja aliitwa Susanne, wa Wacree, kabila mojawapo la wenyeji wa huko. William Connolly, wa kampuni iliyoshindana na hiyo ya Hudson's Bay, alimwoa mwaka 1803, wakapata watoto sita. Mwaka 1832, huko Montreal, Kanada, Connolly akafunga ndoa ya kanisani na binamu yake mzungu, kana kwamba Susanne hakuwahi kuwapo. Susanne akaishia kwenye nyumba ya watawa, Red River, mbali huko magharibi. Baada ya baba kufa, mmoja wa watoto akadai urithi mahakamani, na mwaka 1867 Jaji Monk akaamua kuwa ndoa ya Kicree ilikuwa ndoa halali. Kwa hiyo watoto hawakuwa wa haramu.

Mama alikuwa ameshika kikombe tu, hanywi.

"Mwenyewe alisikia hiyo hukumu?"

"Alifariki 1862."

Akanyamaza. Chai ilikuwa imeshapoa, akaimalizia hivyo hivyo.

"Hebu rudisha tena pale kwenye blanketi," akasema.