Kupandikizwa ngozi kulivyookoa kiwiko cha binti yangu

Binti yangu alimwagikiwa na uji wa moto mkononi. Sehemu kubwa ilipona kwa kusafishwa tu, ila kiwiko kiligoma kufunga kwa sababu kiliungua hadi chini. Daktari akasema achukuliwe ngozi pajani, ipandikizwe pale.

Ushauri ukaanza kumiminika. Shangazi zake walisema tutampa majeraha mawili badala ya moja. Binamu yangu akanitumia video ya madaktari wa Fortaleza, Brazili, wanaofunika majeraha ya moto kwa ngozi ya perege, akasema Mwanza tuna sato tele, nao ni aina ya perege, niende mwaloni nikanunue. Hasira yangu haijaisha mpaka leo! Ngozi ile huuliwa vijidudu kwanza, na bado ni kifuniko tu. Kidonda kilichokula ngozi yote hakigeuki kuwa ngozi kwa kufunikwa na samaki.

Paja lilimuuma kuliko kiwiko, mjiandae kwa hilo. Lakini lilipona lenyewe, maana huchunwa tabaka jembamba la juu, na kwenye mashina ya vinyweleo hubaki seli zinazootesha ngozi upya. Bendeji ikiganda msiivute. Muuguzi alituonyesha kuilowesha kwa maji ya chumvi safi mpaka iachie yenyewe.

Ngozi iliyopandikizwa kiwikoni waliitoboatoboa ikawa wavu, damu na maji yasituame chini yake. Siku za mwanzo haina mishipa yake, inafyonza tu kutoka kwenye kidonda, kwa hiyo mkono ulifungiwa plasta usisogee.

Ngozi iliposhika, kovu likaanza kukaza na kiwiko kikajikunja. Banzi la usiku, la kuuweka mkono umenyooka, alikuwa analivua. Basi nikafunga kamba juu ya mlango, nikatundika karanga kwenye vifuko vidogo, mkono usioungua nikaufunga kwa khanga. Akitaka karanga, anyooshe ule ulioungua! Alipozifikia kwa urahisi, nilipandisha kamba kidogo. Mtaalamu wa mazoezi tiba alipompima alifurahi sana, nami nilijivunia waziwazi mbele ya wale mashangazi.

Pesa nyingi ziliishia kwenye shashi na nauli, kisha mayai na dagaa, kwa sababu kidonda kinataka protini. Kovu tunalikanda kwa mafuta ya mgando asubuhi na jioni, na akitoka juani anavaa mikono mirefu.