Kifaa cha Geordi

Leo mchana runinga imerudia ile filamu ya Star Trek ya 1996, hadithi ya safari za anga za mbali. Mwigizaji LeVar Burton, anayecheza Geordi, hana tena usoni kile kifaa cha dhahabu cha kumsaidia kuona. Nimefurahi kweli kuyaona macho yake!

Wengi walimjua kwanza kama Kunta Kinte kijana kwenye Roots, tamthilia ya runinga kuhusu utumwa Marekani, Januari 1977, usiku nane mfululizo. Alikuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu.

Mwaka 1987 akawa Geordi kwenye tamthilia ya Star Trek, kipofu ambaye baadaye akawa mhandisi mkuu wa chombo. Mfano wa kwanza wa kifaa chake ulikuwa kibanio cha nywele.

Kilimpa mhusika kuona, lakini mwigizaji kikamziba macho. Kikambana panjani hadi kichwa kumuuma.

Hebu fikiria: misimu saba macho yamefichwa karibu muda wote! Hofu, furaha, mashaka, vyote vipite kwenye sauti, mdomo na shingo. Mtazame anavyoinamisha kichwa anaposikiliza.

Na miaka hiyohiyo anaendesha Reading Rainbow, kipindi cha vitabu cha watoto, 1983 hadi 2006. Mwishoni mwa kila kipindi watoto wenyewe ndio waliopendekeza vitabu. Mwaka 1988 aliwaonyesha hata studio ya Star Trek, jinsi picha zinavyotengenezwa.

Ninyi mlimfahamu kwa kipi kwanza?