Alama 17 kwenye chuma: nilivyosajili gari nililoliunda mwenyewe Uingereza

Mwezi Machi 2018 niliingiza katika banda la nyumbani kwangu, Leicester, Mazda MX-5 ya mwaka 1996 ambayo bodi yake ilikuwa imeliwa na kutu upande wa chini, na kabla sijalegeza nati hata moja nilipiga picha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye ukuta wa bati nyuma ya injini. Nilikuwa nimekwisha kulipia fremu mpya ya chuma kutoka kwa mtengenezaji mdogo wa magari ya kujiundia. Nia yangu ilikuwa kuhamishia injini, giaboksi, ekseli, usukani na springi za Mazda kwenye fremu hiyo, kisha kuliingiza gari barabarani kihalali, likiwa na namba zake na kadi yake.

Sisi tuliokulia Tanga tumezoea namba fupi za chesisi, kwa kuwa magari mengi yanayoshushwa bandarini kwetu yalitengenezwa kwa soko la ndani la Japani, ambako hutumika msimbo wa modeli, kistari na namba ya mfululizo. Namba inayotumika Ulaya na Marekani ina alama 17, na kila sehemu yake ina kazi: tatu za kwanza humtaja mtengenezaji, sita zinazofuata hueleza aina ya gari, na nane za mwisho hulitenga gari hilo moja na mengine yote. Herufi I, O na Q hazitumiki kamwe, kwa sababu zinafanana mno na 1 na 0. Mazda yangu ilianza na J, yaani Japani. Fremu mpya ilianza na S, iliyo katika fungu la Uingereza, na alama yake ya tatu ilikuwa 9, ambayo ndiyo dalili ya mtengenezaji anayetoa magari machache kwa mwaka.

Hapo ndipo nilipokutana na shauri ambalo wengi hupewa. Mzee mmoja wa Mombasa, fundi wa miaka mingi ambaye ninamheshimu sana, alikuja kuitazama kazi, akaniambia, "Mwanangu, kikate hicho kipande chenye namba, ukichomelee kwenye fremu mpya, uendelee kutumia kadi ya zamani." Nilimjibu, "Mzee wangu, namba hiyo ni ya bodi ile pale, na bodi ile haipo tena kwenye gari hili." Kuchomelea namba ya gari moja kwenye jingine ndiyo njia wanayotumia wezi kuficha magari ya wizi, na mtu mwaminifu akifanya hivyo gari lake halitofautiani na la mwizi machoni pa polisi. Mzee alinyamaza kidogo, akainama, akasoma namba ya fremu mpya kwa kidole.

Sheria ya usajili ya huko, inayosimamiwa na DVLA, yaani idara ya serikali inayosajili magari, ilinipa nafasi tatu. Gari lililoundwa kwa vipuri vipya vitupu hupewa namba ya usajili, ile ya kwenye kibao, ya mwaka linaposajiliwa. Gari lenye fremu mpya na angalau sehemu mbili kuu kutoka gari moja la zamani hupewa namba inayolingana na umri wa gari hilo la zamani, ilimradi mwenyewe athibitishe zilikotoka. Likikosa uthibitisho, hupewa namba inayoanza na Q, maana yake asili au umri wake haujulikani. Mimi niliitaka nafasi ya pili kwa moyo wote, kwa sababu Q hubaki na gari maisha yake yote na humfanya kila mnunuzi aulize maswali.

Nilitegemea injini iwe sehemu yangu ya kwanza ya ushahidi. Nilipolinganisha namba iliyogongwa kwenye injini na ile iliyoandikwa katika V5C, yaani kadi ya gari, hazikulingana: mmiliki fulani wa nyuma alibadilisha injini bila kutoa taarifa. Nilikosa usingizi usiku ule. Asubuhi yake niliamua kwamba injini nisingeihesabu hata kidogo, nikajenga hoja yangu juu ya giaboksi, ekseli na usukani, kila kimoja kikipigwa picha kikiwa bado kwenye Mazda, kikiwa sakafuni, na kikiwa kimefungwa kwenye fremu mpya, namba za chesisi zote mbili zikionekana katika mfululizo huo wa picha. Risiti ya kila kipuri, hata ya bomba la breki, niliiweka katika faili moja kwa kufuata tarehe. Anayeanza kazi kama hii ningemsihi aanze na faili hilo kabla ya spana, kwa maana picha ya gari lililokwisha kufunguliwa haiwezi kupigwa tena.

Kosa langu kubwa lilikuwa la rangi. Nilipeleka fremu ikapigwe rangi ya unga bila kuagiza namba izibwe kwa utepe, na iliporudi, alama zilikuwa zimejaa rangi hata 8 haikutofautiana na B. Sikuthubutu kutumia msasa wala jiwe la kusagia, kwa kuwa mikwaruzo kando ya namba ya chesisi humfanya mkaguzi yeyote ashuku kwamba imechezewa. Nilitumia dawa ya kulainisha rangi na kijiti cha mbao, jioni mbili nzima, alama moja baada ya nyingine, mpaka chuma kikaonekana.

Kabla ya kusajiliwa, gari la namna hii hupitia ukaguzi wa gari moja moja uitwao IVA, ambao mwaka 2019 ulinigharimu pauni 450. Sheria inaruhusu kuliendesha gari ambalo halijasajiliwa hadi kituoni ikiwa miadi imekwisha kuwekwa na lina bima, na bima hiyo huandikwa kwa namba ya chesisi. Siku moja kabla ya safari nilisoma cheti cha bima nikaona herufi O, nikajua papo hapo kwamba kuna kosa, kwa kuwa namba halali haina O. Nilikuwa nimeiandika vibaya mwenyewe. Simu moja ilitosha kurekebisha.

Ukaguzi wa kwanza sikufaulu. Ncha zote za nje ambazo zinaweza kumgusa mpita njia lazima ziwe na mviringo usiopungua milimita 2.5, na kishikizo changu cha kioo cha pembeni kilikuwa na ukingo mkali. Nilikisawazisha, nikalipa pauni 90 za kukaguliwa upya, nikapewa cheti.

Baada ya hapo nilijaza fomu V627/1, ambayo hueleza gari limeundwa kwa vipuri gani na vimetoka wapi, nikaiambatanisha na maombi ya usajili, cheti cha ukaguzi, kadi ya Mazda, risiti, picha na ada ya pauni 55, kisha nikaongeza barua ya ukurasa mmoja iliyokiri waziwazi habari ya injini. Nilitaka waisome kutoka kwangu kabla hawajaigundua wenyewe.

Namba ya usajili niliyopewa inaanza na N, herufi ya magari yaliyosajiliwa kati ya Agosti 1995 na Julai 1996. Kadi mpya ilipofika kwa posta niliichukua hadi bandani, nikamwomba mke wangu asome alama zile 17 kwa sauti, mimi nikizifuata kwa kidole kwenye chuma, kuanzia S hadi tarakimu ya mwisho. Zililingana zote.